Dinari ya Kaisari: Sura Yake na Fedha Yake

Ni nani kati yetu asiyekijua kisa cha dinari ya Kaisari? Watu walimwendea Bwana wetu Yesu Kristo kwa maneno matamu, kumbe wamemtegea mtego. Walimwuliza kama ni halali kumlipa Kaisari kodi, au sivyo. Naye, kabla ya kujibu, alitaka aonyeshwe sarafu ya kodi, kisha akawauliza sura na maandishi yaliyomo ni ya nani. Habari hiyo tumeisikia tangu utoto, na jibu lake twalijua. Lakini sarafu yenyewe je? Ilikuwa na umbo gani? Ilisema nini? Na kwa nini kuitazama tu kulitosha kuwafumba vinywa watu wenye elimu kubwa?

Leo twataka kuishika dinari hiyo kana kwamba tunayo kiganjani, tuisome pande zote mbili, kisha tuulize ndani yake mlikuwa na nini. Maana sarafu husema mara mbili: husema kwa sura yake, na tena husema kwa madini yake. Pengine maneno hayo mawili hupatana; pengine la pili hulisuta la kwanza.

DINARI ILIKUWA NINI?

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Katika lugha yetu twaita "fedha" yale madini meupe wafanyiayo kazi masonara, na twaita "fedha" pia mali ya kununulia vitu. Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni jina la yale madini. Kwa hiyo kila tusemapo kwamba tumeishiwa na fedha, twarudia bila kujua desturi ya watu wa kale, ambao kwao mali ya sokoni na madini yaliyopimwa kwa mizani vilikuwa kitu kimoja. Nalo neno "dinari" asili yake ni Kilatini, denarius, maana yake kitu chenye kumi, kwa kuwa hapo mwanzo dinari moja ilibadilishwa kwa sarafu kumi za shaba. Jina hilo likaingia katika Kigiriki, kisha katika Kiarabu. Na hata leo nchi kama Iraki, Kuwait, Tunisia na Algeria huziita fedha zao dinari.

Waroma walianza kuifua dinari yapata mwaka 211 kabla ya Kristo, walipokuwa katika vita vikali na Hannibal wa Karthago. Uzito wake ulikuwa kama gramu 4 na nusu za fedha karibu safi. Baadaye ulipungua kidogo ukawa chini ya gramu 4. Upana wake ulikaribia ule wa ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Kwa udogo wake ilikuwa na nguvu nyingi. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo twasoma habari za wafanya kazi wa shamba la mizabibu, waliopatana na mwenye shamba kwa dinari moja kwa siku. Yule Msamaria mwema alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili za kumwuguzia majeruhi. Askari wa jeshi la Roma, wakati wa Kaisari Augusto, alipata dinari 225 kwa mwaka mzima.

Sarafu hizo zilitengenezwa kwa mkono. Fundi alichonga muhuri wa chuma wenye sura upande mmoja, akaukaza katika fuawe. Muhuri wa pili, wenye picha ya upande wa nyuma, ulishikwa mkononi. Kipande cha fedha kilichopimwa sawasawa kilipashwa moto, kikawekwa kwa koleo juu ya muhuri wa chini, na ule wa pili ukawekwa juu yake. Kisha nyundo ikapigwa. Kwa pigo hilo sura mbili zikachorwa pamoja. Huko Roma kazi hiyo ilifanyika penye hekalu la Juno, mungu wa kike aliyeitwa kwa jina la pili Moneta. Na kutoka jina hilo mataifa mengi ya Ulaya yamepata neno lao la kuitia fedha. Madini yenyewe yalitoka sana katika migodi ya Hispania. Polibio, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza kwamba karibu na mji wa Karthago Mpya watu 40,000 walifanya kazi migodini. Basi, kabla sura ya mkuu yeyote haijapigwa juu ya dinari, jasho la wanyonge lilikwisha kuingia ndani yake.

SURA ZASEMA

Wakati ule hapakuwa na magazeti wala redio. Mkulima aliyeishi mwendo wa mwezi mzima kutoka Roma angewezaje kujua nani anatawala, na vita gani vimeshinda? Alijua kwa sarafu. Hiyo ilimfikia sokoni, ikaingia nyumbani mwake, ikalala chini ya mto wake.

Dinari za kwanza zilionyesha kichwa cha mungu wa kike Roma, amevaa chapeo ya vita; na upande wa nyuma mapacha wawili, Kastori na Poluksi, wakienda mbio juu ya farasi. Maana yake ni rahisi: mji wetu unalindwa. Hapakuwa na sura ya mtu aliye hai, kwa sababu Waroma walikuwa wamewafukuza wafalme wao, nao walichukia kila kitu chenye harufu ya ufalme.

Lakini kazi ya kusimamia ufuaji wa sarafu ilikuwa mikononi mwa vijana watatu wa nyumba kubwa, waliowekwa kwa mwaka mmoja. Kidogo kidogo vijana hao walianza kuweka majina yao, kisha sifa za mababu zao. Sarafu ya taifa ikawa mahali pa kujisifia ukoo. Mwaka 54 kabla ya Kristo kijana mmoja, jina lake Bruto, alifua dinari yenye kichwa cha Uhuru, na nyuma yake yule babu yake wa kale ambaye ilisemekana ndiye aliyewaondoa wafalme. Jina la Bruto tulishike, maana tutakutana nalo tena.

Hata maadui wa Roma waliielewa lugha hiyo. Yapata mwaka 90 kabla ya Kristo, makabila ya Italia yaliyonyimwa haki za uraia yaliasi, yakafua dinari zao wenyewe. Moja yao inamwonyesha fahali akimpiga mbwamwitu kwa pembe na kumkanyaga. Mbwamwitu ndiye alama ya Roma. Fahali ni alama ya Italia. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aliielewa habari hiyo mara moja.

KAISARI AJIWEKA MWENYEWE

Yulio Kaisari alipovuka mpaka na kuanza vita na wenzake, mwaka 49 kabla ya Kristo, aliwalipa askari wake kwa dinari zenye picha ya ndovu, na chini yake neno moja tu: CAESAR. Baada ya kushinda, alikwenda mbele zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 44 kabla ya Kristo dinari zilitoka zikiwa na kichwa chake mwenyewe, amevaa taji la majani. Huyo ndiye Mroma wa kwanza ambaye sura yake iliwekwa juu ya sarafu za mji wa Roma angali hai. Wengi waliona kwamba sasa mfalme amerudi. Tarehe 15 Machi ya mwaka ule ule akauawa kwa majambia, na mmoja wa wauaji alikuwa yule Bruto.

Sasa angalieni moyo wa mwanadamu ulivyo. Bruto, aliyeua kwa jina la uhuru, alikimbilia mashariki akakusanya jeshi, na jeshi hutaka mshahara. Basi mwaka 42 kabla ya Kristo alifua dinari zilizokuwa na majambia mawili, na katikati yake kofia waliyovaa watumwa waliowekwa huru, na chini yake tarehe ya mauaji. Geuza upande wa pili: ni kichwa cha nani? Ni cha Bruto mwenyewe! Alimwua mtu aliyejifanya mkuu mno hata akaweka sura yake juu ya fedha, kisha naye akaweka yake. Mwaka ule ule alishindwa huko Filipi, akajiua.

Augusto, mrithi wa Kaisari, alipotawala peke yake, hakuna aliyeshangaa tena kuiona sura ya mtawala juu ya sarafu. Naye Tiberio akamfuata, akatawala tangu mwaka 14 hata mwaka 37 baada ya Kristo.

SARAFU YA KODI

Dinari ya Tiberio iliyokuwa nyingi sana ilifuliwa katika mji wa Lugdunum, ndio Lyon ya Ufaransa, na kwa desturi hiyo ndiyo huitwa sarafu ya kodi iliyotajwa katika Injili. Upande wa uso pana kichwa cha Tiberio na taji la majani, na maandishi yaliyofupishwa, maana yake: Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliye mungu. Upande wa nyuma ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi. Wengi humwona kuwa mfano wa Livia, mama yake Tiberio. Maandishi yake yamtaja Kaisari kuwa kuhani mkuu.

Hapo sasa twaelewa. Wayahudi walikuwa wamekatazwa na Torati kujifanyia sanamu ya kuchonga, na kuwa na mungu mwingine. Nayo sarafu hii ilibeba sura ya mtu, ikamwita baba yake mungu, ikampa yeye ukuhani mkuu. Walioleta swali la uchaji ndio walioweza kuitoa sarafu hiyo pale pale ilipotakiwa. Mtego ukawanasa wenyewe. Bwana wetu hakuwafundisha kuvunja sheria ya nchi wala kuikwepa kodi. Lakini pia hakukubali kwamba yale yaliyoandikwa juu ya fedha ndiyo mwisho wa maneno. Sarafu yenye sura ya Kaisari imrudie Kaisari; lakini mwanadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, anayo chapa ya Mwingine, wala hana haki Kaisari yeyote ya kumdai mtu mzima mzima kama adaivyo dinari.

PICHA YA WALIOSHINDWA

Watu wenye nguvu hupenda kuwachora walioshindwa. Augusto alipoitwaa Misri, alifua dinari yenye picha ya mamba, na maneno ya kutangaza kwamba Misri imetekwa. Taifa lenye historia ya miaka elfu tatu likafanywa mnyama mmoja juu ya kipande cha fedha.

Mwaka 70 baada ya Kristo majeshi ya Roma yaliuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na Hekalu lake. Ndipo zikatoka dinari za Kaisari Vespasiano: mwanamke ameketi chini, ameinamisha kichwa kwa huzuni, na juu yake wamesimamisha silaha walizoteka. Neno lililoandikwa ni IVDAEA, yaani Yudea. Myahudi aliyetaka kununua mkate alilazimika kutoa mkononi mwake picha ya mama yake akilia.

Lakini walioshindwa nao walijua kujibu. Katika maasi ya miaka 132 mpaka 135 Wayahudi walizikusanya dinari za Roma, wakazipiga upya kwa mihuri yao. Juu ya uso wa Kaisari wakapiga kishada cha zabibu, kinubi, tawi la mtende, na maandishi ya Kiebrania ya kuutangaza uhuru wa Yerusalemu. Zilizosalia zimo katika majumba ya makumbusho. Na katika baadhi yake, ukitazama vizuri, waona bado pua au kisogo cha Kaisari kikichungulia chini ya zabibu. Maasi hayo yalizimwa kwa damu nyingi. Fedha ile ile ilibeba habari za pande zote mbili.

Tusiwe wachoyo wa haki, lakini: si picha zote zilikuwa za kiburi. Kaisari Hadriano, aliyezunguka sana katika dola yake, alifua dinari za sifa za nchi mbalimbali. Moja ina jina AFRICA, ambalo wakati ule lilikuwa jina la jimbo la kaskazini, upande wa Tunisia ya leo. Ni mwanamke aliyejiegemeza, amevaa kichwani ngozi ya uso wa ndovu. Mkononi ameshika nge na pembe iliyojaa mazao, na miguuni pana kapu la masuke ya ngano. Ngano hiyo ndiyo iliyowalisha watu wa Roma. Mwenzake aliyemfuata, Antonino Pio, alipofiwa na mkewe Faustina, alianzisha msaada wa kuwatunza wasichana wenye shida kwa ukumbusho wake. Na wasichana hao wakatajwa juu ya dinari. Ni vigumu kupata taji la majani lililo zuri kuliko hilo.

FEDHA YATOWEKA, SURA YABAKI

Mpaka hapa tumesoma sura. Sasa tuulize madini. Wazee wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hakuna methali inayoieleza vizuri zaidi habari iliyobaki.

Mwaka 64 Kaisari Nero alipunguza uzito wa dinari: ratili moja ya fedha iliyotoa dinari 84 ikaanza kutoa 96, na ndani yake pakatiwa shaba zaidi. Sura ikabaki ile ile, na bei iliyoamriwa ikabaki ile ile. Waliomfuata waliendelea na njia hiyo, safari nyingine wakirudi nyuma kidogo, lakini mteremko ulikuwa mmoja. Septimio Severo, mwana wa Leptis katika nchi ya Libya ya leo, alitawala tangu mwaka 193 hata 211. Aliongeza sana mshahara wa askari, na katika siku zake fedha iliyokuwamo katika dinari ilishuka ikawa kadiri ya nusu tu. Mwandishi Dio Kasio asimulia kwamba, karibu na kufa, aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wasijali wengine wote. Mwana mmoja, Karakala, hakuchelewa kumwua ndugu yake. Kisha mwaka 215 akatoa sarafu mpya, ambayo yafikiriwa ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ingawa uzito wake ulikuwa kama wa dinari moja na nusu tu.

Watu si wajinga. Waliokuwa na dinari nzuri za zamani walizificha au kuziyeyusha, wakapeleka sokoni zile mbaya. Kufika mwishoni mwa miaka ya 260, ile sarafu mpya haikuwa na fedha hata sehemu 5 katika 100. Ilikuwa shaba iliyopakwa weupe, nao weupe ulitoka haraka kwa kushikwa-shikwa. Na sura zake zilisema nini? Mwaka 260 Kaisari Valeriano alitekwa na Waajemi, asirudi tena. Mwanawe Galieno, aliyebaki akitawala katikati ya vita na tauni, alifua sarafu zenye maneno ya Amani, Neema ya Mazao, na Uaminifu wa Askari. Naye mwaka 268 aliuawa na maofisa wa jeshi lake mwenyewe. Katika Misri, iliyokuwa na sarafu zake za kienyeji zilizochakaa vivyo hivyo, hati ya mwaka 260 ingali ipo, ambayo ndani yake mkuu wa wilaya awaamuru wenye meza za kuvunjia fedha wafungue milango yao na kuipokea sarafu takatifu ya watawala. Fedha njema haihitaji amri ya namna hiyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ni nani aliyeumia? Mwenye mashamba alikuwa na ngano ghalani. Tajiri alikuwa na vyombo vya dhahabu. Aliyeumia ni kibarua aliyepokea ujira jioni na kukuta asubuhi kwamba hautoshi. Kaisari Diokletiano alijaribu kutengeneza mambo: yapata mwaka 294 alitoa sarafu mpya ya fedha karibu safi, na mwaka 301 akatangaza orodha ndefu ya bei zisizopasa kupitwa, kwa tishio la kifo. Katika orodha hiyo kibarua wa shamba amekadiriwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula, na kipimo kimoja cha ngano dinari 100. Linganisheni na ile dinari moja ya shamba la mizabibu. Jina lilikuwa lile lile, lakini kitu chenyewe kilikwisha kwenda zake. Na amri ya bei haikukirudisha.

LA KUJIFUNZA

Wasomaji wetu, fedha za siku hizi hazina madini ya thamani ndani yake, wala hilo peke yake si udanganyifu. Thamani yake yasimama juu ya sheria, na juu ya uaminifu wa serikali na wananchi wao kwa wao. Lakini kwa sababu hiyo hiyo uaminifu umekuwa ndiyo fedha iliyo ndani. Serikali ikiahidi bila kutimiza, mwajiri akichelewesha ujira, mwenye duka akipunja mizani, mkopaji akikana deni, kila mmoja wao atia shaba katika dinari. Sura yabaki, ndani panaliwa.

Na tufanye jambo moja dogo nyumbani. Baba au mama atoe sarafu, aiweke mezani baada ya chakula cha jioni, awaulize watoto: Ni sura ya nani? Upande wa nyuma pana nini? Aliyeichora alitaka tuamini nini? Watoto watajibu vizuri, maana macho yao ni makali. Kisha awaulize swali la mwisho, ambalo Waroma wa siku za Galieno hawakuweza kulijibu bila aibu: Je, maneno haya ya juu na yaliyomo ndani vyapatana? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya sarafu, hatachelewa kuuliza hivyo juu ya watu. Na siku moja, Mungu akimjalia, atajiuliza hivyo juu ya nafsi yake, ambayo nayo ina sura ya Mwenyewe iliyopigwa juu yake tangu mwanzo.